Ukurasa Alioomba Severin

Aimable hakumsamehe Severin, na hakuwa na mpango wa kumsamehe. Wapo watu wanaosema wamesamehe huku wanasaga meno. Yeye hakujisumbua na maigizo hayo. Ukimuuliza habari za mzee huyo, pale uwanja wa ndege wa DFW, Dallas, anapopakia mizigo, angekujibu waziwazi kwamba anamngoja. Alikuwa amemngoja miaka kumi na moja. Watu wa kanisani walimwambia hasira hula mwenye nayo, naye akawajibu kwamba yake inakula vizuri na haijamaliza sahani.

Ili uielewe hasira hiyo, kwanza uujue mkono wake.

Alizaliwa kambini Kigoma, mwezi wa sita mwaka 1996, kwa wazazi Warundi. Baba yake, Nicodème, alikuwa katekista. Mama yake, Perpétue, alilima bustani ndogo ya lengalenga, mchicha wa kwao, nyuma ya nyumba ya udongo. Mtoto alitoka na mikono mirefu hata mkunga akauliza kama baba yake alikuwa mpanda minazi. Sasa, shule ya kambini haikuuliza cheti cha kuzaliwa, kwani nani angekuwa nacho? Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Akilifikia, ana miaka sita, aingie darasani. Asipolifikia, arudi kwa mama yake.

Aimable alikuwa na miaka minne alipowafuata watoto wa jirani kwenye foleni hiyo. Akapitisha mkono, akalishika sikio lote, na vidole vikabaki vya kuchezea shavu. Mwalimu akaandika: miaka sita. Nicodème aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Aliona ni bahati mtoto kuanza shule mapema, kwa hiyo hakwenda kusahihisha. Lakini karatasi ya shule ikazaa kadi ya chakula, kadi ya chakula ikazaa karatasi ya ukimbizi, na walipopanda ndege kwenda Texas mwaka 2008, Aimable alikuwa na miaka kumi na miwili mwilini na kumi na minne kwenye karatasi. Tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa Januari mosi, sawa na ya nusu ya kambi.

Walipewa nyumba Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi Dallas, ghorofa ya pili, jiko la umeme na zulia lenye harufu ya mbwa wa mtu mwingine. Siku ya kumwandikisha mtoto shule, Nicodème hakwenda na karatasi ya Januari mosi. Alikwenda na kitabu chake cha ubatizo, nakala ya katekista, kila ukurasa una mhuri wa padri. Pale palikuwa pameandikwa siku, mwezi na mwaka halisi. Mama wa ofisini akakitazama kitabu, akamtazama mtoto usoni, akaandika 1996. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, Aimable alikuwa na umri wake mwenyewe.

Mkono ulionekana kwenye chumba cha kulia cha shule. Siku moja alirusha paketi tupu ya maziwa kutoka meza ya nyuma mpaka pipa la takataka karibu na mlango, juu ya vichwa vya watoto mia mbili, ikatumbukia bila kugusa ukingo. Mwalimu wa michezo akamwambia arudie. Akarudia mara nne. Kesho yake alikuwa uwanjani ameshika mpira wao ule wenye umbo la papai, ambao wanauita wa miguu na kuushika kwa mikono. Wamarekani wana mambo yao.

Wakamfanya kwotabeki. Huyo ndiye anayekabidhiwa mpira kila mchezo unapoanza. Watu wenye uzito wa ng'ombe wanamkimbilia kumwangusha, naye ana sekunde tatu za kuangalia uwanja wote, kuchagua mwenzake na kumtupia. Aimable alikuwa na utulivu wa ajabu ndani ya sekunde hizo. Alipofika mwaka wa tatu wa sekondari ya Pecan Hollow, watu weupe wenye kofia, wanaosaka wachezaji wa vyuo, walikuwa wanajifunza kulitamka jina lake, na watoto wa Vickery Meadow walimwita Kyubii, kifupi cha kwotabeki kwa Kiingereza, hata wale wasiojua maana yake. Alikuwa mtamu kumtazama, hilo hata adui zake walikubali.

Na adui alikuwepo, anakaa ghorofa ya chini. Severin alitoka kambi ileile. Alikuwa ameitangulia familia ya Nicodème Dallas kwa mwaka mmoja, akajua Kiingereza kidogo, ndiye aliyewatafsiria karatasi zao walipofika. Aliongoza kwaya. Mwanawe, Alain, alikuwa kwotabeki wa pili, yaani yule anayevaa sare zote, anakaa benchi, na jioni anarudi nyumbani nguo zikiwa safi. Severin alihudhuria kila mechi, na Aimable alipotupa mpira ukafika, alipiga makofi ya vidole viwili. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wakati ule walimwita jirani.

Mwaka wa mwisho wa shule, 2013, timu ilishinda mechi sita mfululizo. Mtu wa chuo kikuu kimoja cha Houston alikuja Vickery Meadow mara mbili, akala maharage ya Perpétue, akasema nafasi ya Aimable ipo, amalize msimu tu. Nicodème alimwombea mgeni huyo kwa majina ya watakatifu wote aliowakumbuka.

Wiki ya saba, mkuu wa shule aliita familia nzima. Sheria inasema aliyetimiza miaka kumi na tisa kabla ya Septemba mosi haruhusiwi kucheza. Mezani palikuwa na nakala ya karatasi ya ukimbizi ya Aimable, ile ya Januari mosi 1994, ambayo Severin alikuwa ameihifadhi tangu siku za kutafsiri. Pembeni palikuwa na barua ya Severin, imetiwa sahihi. Ilisema kwamba kitabu cha ubatizo kiliandikwa na baba wa kijana kwa mkono wake, kwamba watu wa kambini hujitungia vitabu vya namna hiyo, na kwamba hakifai kuaminiwa hata mstari mmoja.

Basi mtoto wa miaka kumi na saba akafukuzwa uwanjani kwa uzee. Ushindi wote sita ukafutwa. Magazeti yakaandika kashfa ya umri. Mtu wa Houston hakupiga simu tena. Alain akaichukua nafasi yake, timu ikashinda mechi zote zilizobaki, ambazo ndizo za wilaya, ikatwaa taji, naye akapata chuo Houston, na Severin akahama na ukoo wake wote kumfuata. Siku ya kuhama alikuja kuaga kwa Nicodème, akasema, "Mapenzi ya Mungu, ndugu yangu."

Nicodème hakuwahi tena kusimama mbele ya watu kanisani. Watu walikuwa wananong'ona juu yake: katekista anayeghushi sakramenti. Alikaa benchi la nyuma miaka minne, akafa mwaka 2017 akiwa bado amekaa huko. Mechi Aimable angezimeza, hata chuo angekimeza. Hilo la benchi la nyuma lilimkaba kooni, na ndilo alilotaka Severin alilipie.

Kazi yake ya mpira ilijikongoja kidogo baada ya pale, tuiseme ili isisemwe tumeificha. Alicheza misimu miwili Fort Worth kwenye timu ya ukumbini, uwanja mdogo wenye kuta, watazamaji wanakula huku wamekupa mgongo. Akajaribiwa Houston na timu nyingine. Alitupa mipira ishirini, kumi na tisa ikafika. Kisha bwana mmoja akaandika jina lake kwenye simu, akasoma, akamrudishia begi lake bila kumtazama. Mwaka uliofuata bega likachanika. Akachukua kazi uwanja wa ndege, akapanga nyumba Euless, karibu na hapo, pamoja na mama yake, na tangu hapo mkono ule unarusha masanduku ya watu wanaokwenda likizo.

Mwaka jana, Jumanne moja mchana, simu ikalia.

"Aimable, mwanangu. Ni mimi, Mzee Severin wa Houston. Usikate."

"Sijakata."

"Nimechoka, mwanangu. Mimi nina sixty-six, unajua. Lakini kambini nilipunguza, kwa sababu walituambia Amerika haichukui wazee. Sasa karatasi zangu zinasema fifty-six. Niko laundry ya hoteli, nabeba mashuka mabichi, magoti yameisha. Nime-apply retirement, wameni-deny. Lawyer anataka proof ya zamani, ya kanisa. Nikakumbuka nilibatizwa Pasaka ya 1999, na marehemu baba yako aliandika."

"Aliandika wapi, mzee?"

"Kwenye kile kitabu chake."

"Kile cha uongo?"

Severin alikohoa muda mrefu. "Yale yalikuwa mambo ya wakati ule," akasema.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aimable alimwambia atatafuta, akakata simu, akasimama katikati ya mizigo akicheka peke yake mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Jibu lake alikuwa nalo tayari. Angekwenda nyumbani, angekitoa kitabu, angempigia mzee na kumsomea kila jina isipokuwa lake, halafu angemwambia abebe mashuka mpaka kaburini.

Perpétue alikuwa anachambua maharage alipomweleza. Alikwenda chumbani, akavuta sanduku, akafungua kitenge, akampa kitabu. Aimable alikuwa hajakifungua tangu baba yake afe. Akapekua mpaka Pasaka ya 1999. Severin alikuwepo, kwa mwandiko mnyoofu wa Nicodème: jina la baba yake, jina la mama yake, kilima alikozaliwa, mwaka 1958. Mstari wa chini yake, siku hiyohiyo na maji hayohayo, alibatizwa mwanawe. Alain, miaka sita, amezaliwa Machi 1993.

Aimable alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Basi Alain naye alipunguziwa miaka kambini, pamoja na baba yake. Kambini ilikuwa inasemwa kwamba Amerika mtoto mkubwa hapelekwi shule, anapelekwa kiwandani, na Severin alikuwa mtu wa kusikiliza yanayosemwa. Vuli ile ya 2013, aliyefukuzwa kwa uzee alikuwa na miaka kumi na saba. Aliyemrithi alikuwa na ishirini.

"Mama. Mlijua?"

"Tulijua."

"Baba alijua! Kitabu kilikuwa mkononi mwake siku ile, mbele ya mkuu wa shule! Angefungua tu!"

"Nilimwambia afungue. Nilimpigia magoti." Perpétue aliondoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni. "Akasema kitabu cha Mungu hakifanywi fimbo ya kumpigia mtoto wa mwenzio. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mume wangu. Lakini sikukubali, Aimable. Mpaka leo sijakubali."

Siku mbili Aimable hakulala vizuri kwa kumchukia baba yake aliyempenda. Siku ya tatu akarudi kwenye chuki anayoizoea. Alain sasa alikuwa kocha mkuu wa shule moja Houston. Picha yake ilikuwa kwenye tovuti ya shule, na maelezo kwamba aliokoa timu iliyokumbwa na udanganyifu akaipa taji. Aimable aliupiga picha ukurasa ule wa kitabu cha ubatizo, akatafuta anwani ya shule, akaandika barua. Kidole kilikuwa juu ya simu Perpétue alipomshika mkono.

"Usitume."

"Mama, na wewe tena?"

"Ukituma, watasema ni wivu wa Kyubii aliyeshindwa. Tena baba yako alikataza kukifanya fimbo." Alikuwa anaongea polepole, na macho yake yalikuwa makavu. "Hakukataza kumpa mtu anachoomba. Ameomba ukurasa? Mpelekee. Wote. Na usiseme neno, mwache asome mwenyewe."

Aimable alimtazama mama yake akaona aibu kidogo, maana alikuwa anajidhania yeye ndiye mwenye kisasi nyumbani mle.

Jumapili iliyofuata alishika barabara ya kusini na kitabu kwenye kiti cha abiria, kimefungwa mkanda. Saa nne za mwendo, hakuwasha redio. Alifika Houston watu wametoka misa. Nyumba ya Severin ilinukia mchuzi wa samaki na ndizi. Mzee alikuwa amekonda, magoti yamefungwa bandeji juu ya suruali. Alimkumbatia Aimable kwa nguvu, akamwita mwanangu mara tatu kabla hajakaa. Alain alikuwepo, mnene kidogo, fulana ya shule yake yenye neno kocha kifuani. Alimpa Aimable mkono akatazama bega.

"Man, long time. Bega linaendeleaje?"

"Linabeba," Aimable akajibu.

Mezani alikaa Scholastique, mama wa Kirundi anayewajazia wenzake fomu, kompyuta imeshawashwa. Alieleza kazi ilivyo. "Ofisi hawataki kipande. Nita-scan page nzima, kuanzia mhuri wa juu mpaka wa chini. Nitatafsiri kila jina lililomo, mzee ata-sign kwamba ukurasa ni wa kweli, halafu ninatuma kwa lawyer, na lawyer anatuma serikalini. Wenyewe wanalinganisha majina yote na mafaili yao. Wakiona ni kweli, mzee, unapumzika."

"Asante, Yesu," akasema Severin.

Aimable alifungua kitabu pale alipoweka uzi wa alama, akakisukuma mbele ya mzee. Hakusema neno. Severin alivaa miwani, akaweka kidole juu ya karatasi, akakishusha. Alipolikuta jina lake uso ulimng'aa, akalisoma kwa sauti: jina la baba yake, la mama yake, kilima chao, 1958. Machozi yakamtoka. "Huyu ni mimi," akaanza kusema, na kidole kikateremka mstari mmoja.

Kikasimama hapo.

Scholastique alikuwa anasubiri. "Ndiye wewe, mzee? Niandike?"

Severin alimtazama Aimable, naye Aimable akamtazama yeye, kwa utulivu uleule wa uwanjani, bila haraka yoyote. Alikuwa na muda wote duniani. Mzee aliuliza kwa sauti ndogo kama haiwezekani kunakili mstari mmoja tu. Scholastique akasema hapana, ameshaeleza, page nzima. Akauliza kama majina mengine yanaweza kufunikwa. Scholastique akasema kufunika ni kughushi, na yeye ana watoto wa kulea.

Alain akainuka kuona kilichomshinda baba yake kusoma. Akainama juu ya bega la mzee. Alikisoma haraka, kisha shingo yake ikabadilika rangi mpaka kwenye kola ya ile fulana.

"Baba," akasema.

Aimable alimngoja Alain. Hilo hakulipanga, lakini alimngoja kweli, kwa sababu pale ndipo mtu angeweza kusema: tuma tu, mzee wangu, nitajibu mwenyewe, pumzika. Alimpa nafasi ya kutosha. Ilikuwa ndefu kuliko sekunde tatu, tena hakuna aliyekuwa anamkimbilia kumwangusha. Alain alitazama magoti ya baba yake yaliyofungwa bandeji. Akatazama dirisha.

"Chakula kiko ready," akasema, akaelekea jikoni.

Severin alivua miwani. Aliikunja taratibu, akaiweka mfukoni, akakirudisha kitabu upande wa Aimable kwa viganja viwili.

"Siye mimi," akamwambia Scholastique. "Huyu Severin ni mwingine."

"Lakini umesoma jina la mama yako, mzee. Umelia."

"Majina hufanana. Andika kwamba sikuonekana."

Scholastique aliwatazama wote wawili, akaona kuna jambo lisilomhusu, akaandika hivyo, akafunga kompyuta.

Aimable alikuwa ameyaandaa maneno kwa miaka kumi na moja, mengine ya Kirundi, mengine ya kutisha. Hakutumia hata moja. Raha ilimpanda kutoka tumboni, nzito na ya moto, na hakuionea haya. Baba yake angeona haya kwa niaba yake. Basi na aone, huko aliko ana nafasi. Mtu aliyesema kitabu hakifai kuaminiwa hata mstari mmoja alikuwa amejifuta mwenyewe ndani yake, kwa kinywa chake, na kesho alfajiri atainama tena kwenye mashuka mabichi, na kesho kutwa, miaka kumi mizima. Na kila anapoinama atakumbuka nani alikwenda jikoni.

Mke wa Severin alileta sahani. Mzee, kwa kuwa adabu ni adabu hata siku ya msiba, alimwambia mgeni kwa sauti iliyopasuka, "Karibu chakula, mwanangu. Safari ni ndefu."

"Asante, Baba Alain," akasema Aimable. Akanawa mikono, akavuta kiti karibu na meza. Samaki walikuwa wameiva vizuri. Akala, akaomba aongezewe, akala tena.